Nepalgunj Hadi Jumla, Dakika Thelathini na Tano Tu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, nitakusimulia haraka haraka, maana sina muda. Na muda ndio ulionimaliza, kama mtakavyoona.

Mimi ni Dambar Mahat, muuza tiketi za ndege hapa Nepalgunj. Nina miaka thelathini na saba na sijaoa. Mchumba wa kwanza alinikimbia na mpiga picha wa uchumba wetu, mnakumbuka. Wa pili alinikataa siku mama yake aliponiona nikila. Wiki jana mlango ukafunguka: Mzee Gorakh Rokaya wa Jumla alikubali kunioza binti yake Lalsara. Kwa sharti.

Mzee yule hataki binti yake aende mbali.

"Mama yake magoti yamekufa," aliniambia. "Anataka mtoto wa kumwita akaitika. Kalu Buda anamtaka, na Kalu anakaa hapo ng'ambo ya kijito. Akipiga chafya namsikia. Wewe unakaa huko chini kwenye joto. Hebu niambie, kutoka hapa mpaka kwako ni umbali gani?"

Nikafungua mdomo wangu huu.

"Umbali gani, baba? Dakika thelathini na tano tu."

Sikudanganya! Ndivyo ninavyowaambia wateja kila siku ya Mungu, na ndivyo kilivyoandikwa kibao kinachoning'inia juu ya meza yangu pale uwanja wa ndege. Ndege ikipaa Nepalgunj, dakika thelathini na tano baadaye magurudumu yanagusa Jumla. Kwa basi ni siku nzima na usiku wake, mlima usipoporomoka, na msimu wa mvua mlima unaporomoka. Lakini mambo ya basi mzee hakuyauliza, na mimi ni nani nimjibu asichouliza?

"Hata chai haipoi," mzee akasema, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Haya. Siku ya harusi nitaona mwenyewe. Ukifika kwa wakati, binti ni wako. Ukichelewa, basi ni mbali, na mimi siozi mbali."

Tangu siku ile mtaa mzima unaniita Bwana Dakika.

Sasa sikilizeni yaliyonipata Jumatano.

Pandit Homnath, kuhani wetu, alikuwa amepiga hesabu za nyota akapata saa njema ya kufunga ndoa: Jumatano, saa kumi alasiri. Hiyo ikipita, miungu inalala miezi minne na hakuna mtu anayeoa popote, hata awe mtoto wa waziri. Miezi minne! Kalu Buda angepiga chafya mara ngapi ndani ya miezi minne?

Kulikuwa na dosari moja. Hiyo hiyo Jumatano asubuhi ilikuwa nuksi kwa safari. Saa njema ya kuondoka nyumbani ilikuwa Jumatatu alfajiri, na Jumatatu hakukuwa na ndege.

Hilo kwetu si tatizo. Mkosi wa safari tunaukwepa hivi: Jumatatu alfajiri shangazi yangu Manrupa alifunga furushi la kitambaa cha manjano, ndani yake mchele, popoo, sarafu moja na kofia yangu ya harusi. Akalitoa nje ya nyumba, akaliweka kwa jirani. Furushi likishatoka, mwenyewe umeshatoka. Mbingu zinajua umeshasafiri, hata kama bado uko kitandani unakoroma.

Nilikoroma vizuri sana siku ile. Laiti ningejua.

Jumatano asubuhi tukafika uwanjani, msafara wa watu kumi na watatu, mimi na suti yangu mpya na shada la maua shingoni. Ndege zinazokwenda milimani ni ndogo. Haipimwi mizigo tu, hata watu wanapimwa. Tukapanda mizani mmoja mmoja. Wapiga tarumbeta wakapanda na tarumbeta zao. Pandit akapanda na vitabu vyake. Shangazi Manrupa akapanda amekumbatia kikapu cha sel, ile mikate ya duara ya unga wa mchele, aliyoikaanga siku mbili bila kulala.

Mshale wa mizani ukazunguka, ukagota, ukatetemeka.

Rubani, Kapteni Thebe, akasoma, akakunja uso. "Mmezidi. Mtu mmoja abaki."

Ghafla kila mtu akaona kitu cha kutazama. Wapiga tarumbeta wakatazama tarumbeta. Mjomba akatazama viatu. Pandit akafumba macho kama anayesali.

"Shangazi," nikasema kwa upole, "tukiacha kikapu..."

"Harusi bila sel?" Shangazi Manrupa akageuka na kikapu chake. "Dambare, umelogwa? Unataka watu wa Jumla waseme ukoo wa Mahat umekuja na mikono inaning'inia? Sel haibaki."

"Basi abaki mpiga tarumbeta mmoja."

"Wako wawili. Akibaki mmoja, huyo mwingine atapiga mazishi."

"Basi nani abaki?"

Shangazi akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Mtazamo ule ninaujua tangu utotoni. Nikaanza kutokwa na jasho.

"Kwani tunahangaika nini?" akasema. "Bwana harusi si ameshaondoka!"

"Shangazi, nimesimama mbele yako."

"Umeondoka Jumatatu alfajiri. Nimekutoa mwenyewe kwa mikono yangu hii." Akanyanyua lile furushi la manjano. "Pandit! Hebu fumbua macho. Dambare ameondoka, hajaondoka?"

Pandit Homnath akakuna shingo. Ni mtu mwema, lakini anamwogopa shangazi, na kiti chake ndegeni alikuwa ameshakizoea moyoni.

"Kwa hesabu za nyota," akasema, "ameondoka."

"Mmesikia? Kwa hiyo huyu hapa ni mzigo tu uliosahaulika nyuma. Mzigo huwa unakuja na ndege inayofuata."

Jamani! Nikamgeukia Kapteni Thebe, mtu msomi, mtu wa serikali za angani, aniokoe. Naye, mnajua aliniambia nini?

"Usijali. Nawashusha, narudi kukuchukua. Dakika thelathini na tano kwenda, thelathini na tano kurudi. Si wewe ndiye unayewaambia watu?"

Ningebisha vipi? Kibao changu kilikuwa pale pale nyuma yake, kinanicheka kwa maandishi makubwa mekundu.

Wakapanda. Shangazi akaketi kiti cha mbele, kikapu mapajani, furushi langu juu ya kikapu. Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikawa nukta. Msafara wangu wa harusi ukaenda harusini, mimi nikabaki kwenye joto la Nepalgunj na shada la maua linalonyauka.

Mwuza chai wa pale nje akanijia. "Bwana Dakika, wenzako wako wapi?"

"Wametangulia."

"Harusini?"

"Ndiyo."

"Harusi ya nani?"

"Lete chai, bwana."

Nikaketi nikamuwaza Lalsara. Wasomaji wangu, nimewaambia mengi ya aibu katika gazeti hili, leo niwaambie moja zuri. Lalsara anafanya kazi kwenye meza ya uwanja wa ndege wa Jumla. Kila asubuhi, miaka mitatu, mimi nampigia simu kabla sijaruhusu abiria wangu waje uwanjani. Nauliza, "Anga vipi?" Anajibu, "Wazi, lete watu." Au anajibu, "Limefungwa, kalale." Basi. Sikumjua sura.

Siku moja, sikukuu, nikampigia. "Anga vipi?"

"Leo hakuna ndege," akasema. "Unauliza anga la nini?"

"Nauliza tu."

Akacheka, polepole, akasema, "Wazi."

Mimi ni mtu mzima, lakini siku ile niliingia chini ya meza nikijifanya naokota kalamu, nikakaa huko mpaka uso wangu ukapoa. Nampenda yule binti. Ndiyo maana nilikuwa tayari kuitwa mzigo.

Ndege ikarudi kweli, kama alivyoahidi Kapteni. Lakini zamu ya pili ilikuwa ya mchele. Viti vilikuwa vimeng'olewa, magunia yamejaa mpaka mlangoni.

"Nikae wapi?"

"Juu ya gunia," Kapteni akasema. "Lakini usilale, suti itashika vumbi."

Nikapanda. Nikakalia mchele wa serikali na suti yangu ya harusi, tukapaa. Tambarare ikabaki chini, milima ikaja, na moyo wangu ukawa mwepesi. Saa tatu na kitu tu! Nilikuwa nimewahi kuliko wanaowahi. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia baba mkwe. Nilipanga kuanza na, "Baba, chai bado ya moto?"

Tukavuka mlima wa mwisho, bonde la Jumla likafunguka, nikauona uwanja.

Kapteni Thebe akasema neno ambalo mhariri amekataa kulichapisha.

"Kuna nini?" nikauliza, nikatambaa juu ya magunia mpaka nyuma ya kiti chake.

"Angalia mwenyewe."

Katikati ya njia ya kutulia ndege palikuwa na watu. Wengi. Wekundu, wa manjano, wa kijani. Walikuwa wanacheza.

Hapa lazima niwape desturi. Watu wa bibi harusi hawawezi kungoja nyumbani wamekaa. Msafara wa bwana harusi ukikaribia, sharti watoke na ngoma na tarumbeta wawalaki njiani. Njiani! Sasa shangazi yangu alipofika kule akauliza, "Bwana harusi anakuja kwa njia gani?" Wakamwambia kwa ndege. Akauliza, "Njia ya ndege ni ipi?" Mtu fulani, Mungu anamjua, akamwonyesha.

King'ora kililia. Baadaye shangazi aliniapia kwamba alikisikia, ila alidhani ni tarumbeta ya watu wa Jumla, akawaambia wapigaji wetu wapulize zaidi wasishindwe.

Kapteni akashuka chini kabisa, akapita juu yao akinguruma ili watawanyike.

Wakashangilia! Walidhani nawasalimia. Nilimwona shangazi kwa macho yangu haya, amenyanyua furushi langu juu kwa mkono mmoja, mkono mwingine anaturushia unga mwekundu. Nikapiga kioo cha dirisha kwa ngumi. "Ondokeni! Ondokeni!" Nao wakanipungia mikono wote.

Tukazunguka tena. Wakapandisha ngoma.

"Mafuta," Kapteni akasema. "Na tazama lile wingu linaingia. Tunarudi."

"Kapteni, nakuomba! Naiona nyumba! Naliona hema!"

"Mimi nauona mlima."

Akageuza pua ya ndege. Hema la harusi yangu likapita chini ya dirisha, likaenda nyuma, likapotea. Zaidi ya saa nzima angani, wasomaji wangu, na niliposhuka nikajikuta pale pale nilipopandia, mbele ya mwuza chai yule yule.

"Umesharudi?" akaniuliza. "Bibi harusi yuko wapi?"

Simu ilikuwa inalia. Baba mkwe.

"Mkwe," Mzee Gorakh akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayecheza, "wewe ni mtu wa namna gani? Umekuja mpaka juu ya paa langu. Umetuchungulia. Umetuona tumevaa, tumejipamba. Ukaondoka."

"Baba, mlikuwa mnacheza uwanjani!"

"Ulitaka tulie?"

"Baba, ndege haiwezi kutua juu ya watu!"

"Wageni wanauliza kama hukuipenda familia. Mama yake amesimama tangu asubuhi na magoti yale. Kalu Buda yuko hapa, amevaa tai. Kaja kwa miguu, kavuka kijito, kafika." Akavuta pumzi. "Hapo ulipo ni umbali gani?"

"Dakika thelathini na tano, baba."

"Zile zile za wakati ule?"

"Zile zile."

"Basi njoo. Na safari hii ushuke."

Akakata.

Nikakaa chini kwenye sakafu, suti na yote. Kibao kiko juu ya kichwa changu. Kwa mara ya kwanza nilikichukia. Hesabu iko sahihi, umbali uko sahihi, na mtu unaweza ukakaa nje ya hesabu yenyewe siku nzima ukalia.

Jua likapanda. Saa nne. Saa tano. Kila nilipomwuliza Kapteni, aliniambia wingu bado limekalia bonde. Saa sita ikafika. Upepo wa milimani huanza mchana, na ukianza, hata ndege ya rais haishuki kule. Nilishaanza kumwona Kalu Buda na tai yake amekaa kwenye kiti changu, anakula sel zetu.

Mara nikamwona Kapteni Thebe anakuja mbio huku anafunga vifungo vya shati.

"Bwana Dakika! Wingu limeachia kidogo. Sasa hivi au basi tena!"

Nikaruka. Shada likakatika, nikalifunga fundo nikikimbia. Nilipoweka mguu kwenye ngazi, simu ikalia.

Lalsara.

"Zima simu," Kapteni akasema.

"Ni mchumba wangu!"

"Utamwona usoni baada ya dakika thelathini na tano. Una neno gani lisiloweza kungoja dakika thelathini na tano?"

Nikaitazama ile simu inavyolia. Nikaona kweli, nina neno gani? Nitamwambia nikiwa mbele yake, na itapendeza zaidi.

Nikaizima.

Kama ningekuwa na mtu wa kunizaba kofi wakati ule, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini alikuwepo Kapteni tu na magunia.

Tukapaa. Katikati ya safari, tukiwa juu ya milima, nikaona ndege nyingine upande wa kushoto, inakwenda tulikotoka. Ilikuwa mbali, ndogo kama nzi.

"Akina nani wale?"

"Walipeleka vitabu vya shule Jumla," Kapteni akasema. "Wamepata mwanya wa wingu kama sisi. Wanashuka Nepalgunj."

Nikawaonea huruma. Maskini, nikasema moyoni, wanaondoka Jumla siku ya harusi yangu, hawataonja hata sel moja. Nikawapungia mkono. Nikawapungia yote miwili.

Bonde likafunguka. Nikafumba macho, nikafumbua. Uwanja mtupu! Safi! Watu wote wako nyuma ya uzio, na shangazi Manrupa ameshikwa mikono na wanaume wawili. Magurudumu yakagonga ardhi, gunia likanipiga mgongoni, na mimi nikapiga kelele kama mtoto.

Nilishuka nikapiga magoti nikaigusa ardhi ya Jumla kwa paji la uso. Tarumbeta zikalia. Mzee Gorakh Rokaya akaja anatembea, kofia imekaa sawasawa, shada jipya mkononi, mkono wa pili ameshika saa ya mfukoni ya marehemu baba yake.

"Mmepaa saa ngapi?" akamwuliza Kapteni.

Kapteni akamwambia. Mzee akatazama saa yake, akahesabu midomo ikicheza.

"Thelathini na nne," akasema. Akanitazama, na macho yake yakalowa. "Mkwe. Umenipunguzia na moja."

Akanivika shada. Nikamgusa miguu, akaninyanyua, akanikumbatia mbele ya watu wote, mzee yule mkavu. Nyuma ya uzio nilimwona Kalu Buda anavua tai, anaikunja, anaitia mfukoni. Machozi yakanitoka. Miaka thelathini na saba, ndugu zangu. Nilifika! Tena saa tatu nzima kabla ya saa njema. Nilisema moyoni, hadithi hii ya mikosi imekwisha, mhariri atafute mtu mwingine.

Mzee akaniachia. Akachungulia nyuma yangu, mlangoni mwa ndege. Akachungulia tena.

"Wako wapi?"

"Akina nani, baba?"

"Lalsara. Na Pandit."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa siku ya harusi, ule wa kumficha bibi harusi ili bwana harusi atoe chochote.

Mzee hakucheka.

"Hamkukutana?" akasema.

"Tukutane wapi?"

"Mkwe, uliporudi na ndege yako, binti alisimama akasema: kama bwana harusi ameshindwa kushuka, mimi najua jinsi ya kupanda. Anafanya kazi hapa, anawajua marubani wote. Nikamwambia binti yangu hatoki peke yake siku ya harusi. Akamchukua Pandit. Akasema ndoa mtaifunga kule kule saa kumi, halafu kesho mje wote wawili mle sel." Akatazama chini. "Nilitaka kumkatalia. Akaniambia, baba, kwani ni mbali? Si yeye mwenyewe anakwambia kila siku? Nikaona kweli. Nikamruhusu. Amekupigia simu umngoje. Hukupokea?"

Shangazi Manrupa alikuwa ameshawaponyoka wale wanaume. "Na furushi lako nimempa," akasema kwa fahari. "Nimesema achukue, aende na saa njema. Sasa kwa nyota, Dambare, wewe uko Nepalgunj."

Nikaiwasha simu. Haikumaliza hata kuwaka, ikalia.

"Uko wapi wewe?" Lalsara akasema, anahema. "Nimesimama hapa kwenye meza yako. Pandit ameshawasha udi, mwuza chai amekubali kuwa shahidi. Uko wapi?"

"Lali..."

"Sema."

"Niko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Jumla. Nimevaa maua ya baba yako."

Nilimsikia akivuta kiti changu, akikaa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa ile ile ya siku ya sikukuu, ila safari hii haikuwa na kicheko.

"Bwana Dakika," akasema. "Kuna ndege hapa. Rubani wa vitabu ananiambia yuko tayari kunirudisha, mimi na Pandit. Anasema yeye hajui hali ya huko, mwenye kujua ni aliyeko huko. Niambie ukweli, ninakuamini. Anga vipi?"

Nikainua macho. Mwanya tuliopitia ulikuwa umeshafumba. Wingu lilikuwa linateremka kutoka kileleni, na upepo wa mchana ulikuwa umeamka, unavuta kamba za hema. Kapteni Thebe alikuwa anafunga mabawa ya ndege yake kwa kamba ardhini. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, akaendelea kufunga.

Ilikuwa saa saba na nusu. Saa njema ni saa kumi.

Baba mkwe akasogea, akaweka mkono begani kwangu. Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti, amekaa na magoti yake, ananitazama. Nyuma ya uzio, Kalu Buda alikuwa ametia mkono mfukoni, anaishika tai yake.

"Mbona umenyamaza?" Mzee Gorakh akaniuliza. "Mwambie apande aje. Kwani ni mbali? Si dakika thelathini na tano tu?"

Nikafungua mdomo wangu huu.